Gari Lisilo na Gereji: Tathmini ya Curiosity na Perseverance

Kwa kawaida gari hutathminiwa kwa kuendeshwa. Mtu hukaa nyuma ya usukani, husikiliza injini, hukanyaga breki kwa ghafla, kisha huinama kutazama chini kama kuna mafuta yanayovuja. Magari mawili ninayoyatathmini hapa, Curiosity na Perseverance ya NASA, shirika la anga la Marekani, hayana kiti wala usukani, na mkono wa mwisho wa binadamu kuyagusa uliyagusa huko Florida, Marekani, kabla hayajafungwa juu ya roketi na kupelekwa kwenye sayari ya Mirihi. Hata hivyo sijui gari lolote la dukani ambalo mnunuzi anaweza kulichunguza kwa undani kama haya, kwa sababu picha ambazo kamera zake hupiga, zikiwamo picha za magurudumu yake yenyewe yakiwa yametoboka, hutolewa kwa umma bila malipo, na wahandisi wanaoyaendesha huandika mara kwa mara gari limekwenda wapi, limekwama wapi na limetengenezwa vipi. Ni muuzaji gani wa magari yaliyotumika angekubali kuweka mezani picha za namna hiyo?

Niseme mapema ninavyoyaona. Ukiyapima kwa mwendo, ni ya kuchosha mno. Ukiyapima kwa kudumu, sijaona la kuyashinda. Ukiyapima kwa kubeba mzigo, moja kati yake limepakia vizuri lakini mzigo haujafika, na kosa si la gari.

Tuanze na Curiosity, kwa kuwa ndilo kubwa kwa umri. Liliondoka duniani tarehe 26 Novemba 2011 na kutua ndani ya kreta, yaani shimo kubwa la mviringo, iitwayo Gale, yenye upana wa kilomita 154, tarehe 6 Agosti 2012. Kwa saa za Afrika Mashariki, ishara ya kutua ilipokewa saa 2:32 asubuhi, na wakati huo gari lilikuwa limeshakaa ardhini kwa muda wa dakika 14 hivi, kwa kuwa mawimbi ya redio yalihitaji muda huo kuvuka umbali uliokuwapo siku ile. Lina uzito wa kilo 899, urefu wa mita 3 na kimo cha zaidi ya mita 2, na mradi wake uligharimu takriban dola bilioni 2.5. Perseverance, ambalo limejengwa juu ya ramani hiyo hiyo kama toleo jipya la modeli ya zamani, lilirushwa tarehe 30 Julai 2020 na kutua katika kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021. Lenyewe lina kilo 1,025 na gharama yake ilifikia takriban dola bilioni 2.7. Yote mawili yalishushwa kwa namna ambayo mara ya kwanza ilionekana kama mzaha: baada ya ngao ya joto na parachuti kupunguza kasi, jukwaa lenye injini nane za roketi lilielea juu ya ardhi, likaliteremsha gari kwa kamba mpaka magurudumu yakagusa udongo, kisha kamba zikakatwa na jukwaa likaruka kando kwenda kuanguka mbali. Mfanyakazi yeyote wa bandarini aliyewahi kuona gari likishushwa kwa kreni kutoka melini ataelewa kwa nini wahandisi walishika vichwa, maana hapa kreni yenyewe ilikuwa hewani na hapakuwa na mtu wa kuishika.

Kuhusu injini na mafuta nitasema machache, ingawa ndiyo sehemu inayoulizwa kwanza. Hakuna injini. Kila gurudumu kati ya sita lina mota yake ya umeme, na umeme hutoka kwenye jenereta iliyo nyuma ya gari, yenye kilo 4.8 za oksidi ya plutoniamu, ambayo joto lake hugeuzwa kuwa umeme wa wati 110 hivi gari likiwa jipya. Hicho ni kiasi kidogo cha kushangaza. Perseverance hutumia chini ya wati 200 linapotembea, ikiwa ni pamoja na msaada wa betri mbili zinazochajiwa na jenereta hiyo, yaani umeme usioweza hata kupasha pasi ya nguo. Faida yake ni kwamba mafuta haya hayategemei jua. Opportunity, gari jingine la NASA lililotumia paneli za jua, lilinyamaza mwezi Juni 2018 wakati dhoruba ya vumbi ilipofunika sayari nzima, na Zhurong la China, lililotua Mei 2021, lililala mwezi Mei mwaka uliofuata wakati wa majira ya baridi na halikuamka tena. Curiosity lilipita katika dhoruba ile ile ya mwaka 2018 likiendelea na kazi. Hasara yake ni kwamba tangi halijazwi tena na nguvu hupungua kila mwaka, kwa hiyo Curiosity la leo limefundishwa kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kwa mfano kutuma data huku likitembea, ili lipate kulala mapema na kuokoa chaji.

Sehemu ambayo mnunuzi anapaswa kuisoma kwa makini ni magurudumu, kwa maana hapo ndipo modeli ya kwanza ilipopata doa lake kubwa. Magurudumu ya Curiosity yana kipenyo cha nusu mita, yametengenezwa kwa aluminiamu tupu, bila mpira wala hewa, na ngozi yake kati ya meno ina unene wa milimita 0.75 tu, ambao hauzidi sana ule wa kadi ya benki. Uamuzi huo ulikuwa na sababu: kila gramu iliyoongezwa ilipaswa kushushwa kwa kamba zile zile, na kwenye mchanga gurudumu jepesi na pana hufanya kazi vizuri. Lakini mwaka 2013 gari liliingia kwenye uwanda wa mawe yaliyochongoka ambayo yalikuwa yameshikamana na mwamba chini yake, hivyo badala ya jiwe kusukumwa pembeni au kuzama, lilisimama kama msumari, na gurudumu lilipolazimishwa kulipanda likatoboka. Picha za mwishoni mwa mwaka huo zilionyesha matundu na nyufa zilizowatia wahandisi wasiwasi wa kweli, na mwaka 2017 baadhi ya meno yenyewe yakaanza kuvunjika.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niliheshimu gari hili kuliko lingine lolote. Duniani dereva angebadilisha tairi na safari ingeendelea. Kule hakuna tairi la akiba, na hata lingekuwapo hakuna wa kulifunga. Kwa hiyo wahandisi wa maabara ya JPL huko Pasadena, California, walifanya mambo matatu. Kwanza walibadilisha njia, wakapitisha gari mabondeni kwenye mchanga laini hata kama safari ilirefuka. Pili, mwaka 2017 walituma programu mpya inayorekebisha kasi ya kila gurudumu kulingana na mteremko, ili lile linalopanda jiwe lisisukumwe kwa nguvu na yale mengine yanayokwenda kwenye tambarare; kwa maneno mengine, gari lililokuwa limeshauzwa na kutumika kwa miaka mitano lilipewa mfumo mpya wa kuzuia utelezi bila kurudi kiwandani. Tatu, walichukua magurudumu ya mfano hapa duniani, wakayaharibu kwa makusudi, na kugundua kwamba hata kama theluthi mbili za ndani za gurudumu zingekatika kabisa, gari lingeweza kuendelea kutembea kwa ukingo uliobaki. Mpaka sasa Curiosity limetembea zaidi ya kilomita 35 na limepanda mamia ya mita kwenye mlima Sharp, ulioinuka kilomita 5 katikati ya kreta, kwa magurudumu ambayo fundi wa mtaani angeyakataa hata kama chuma chakavu.

Perseverance limepewa magurudumu yaliyotokana na somo hilo. Ni makubwa kidogo kwa kipenyo, ni membamba zaidi, ngozi yake ni nene zaidi, na meno yake 48 yamepinda kidogo tu badala ya kukunjwa kama alama ya V. Kwenye picha zake sijaona matundu ya aina ile. Kitu pekee cha kuchekesha kilichotokea ni jiwe moja lililojipenyeza ndani ya gurudumu la mbele la kushoto mwanzoni mwa mwaka 2022, likasafiri humo kwa zaidi ya mwaka mmoja, likizungukazunguka kama kokoto ndani ya debe, kabla halijadondoka lenyewe. Mfumo wa kuning'inizia magurudumu, usio na springi wala shokapu bali mikono ya chuma iliyounganishwa ili magurudumu yote sita yabaki yamegusa ardhi, ni ule ule ambao NASA imeutumia tangu gari dogo la Sojourner la mwaka 1997, na sioni sababu ya kuubadilisha. Gari limeundwa listahimili kuinama hadi nyuzi 45 bila kupinduka, ingawa waendeshaji hukwepa kuvuka nyuzi 30.

Mwendo, kama nilivyokwisha kusema, ni wa kuchosha. Kasi ya juu kabisa ya Perseverance kwenye uwanja tambarare ni mita 152 kwa saa, ambayo mtoto anayetambaa angeweza kuipita. Curiosity halizidi hapo. Sababu si udhaifu wa mota peke yake. Dereva yuko mbali kwa umbali unaobadilika kati ya kilomita milioni 55 na milioni 400, kwa hiyo amri hutumia kati ya dakika 3 na dakika 22 kufika, na jibu hutumia muda kama huo kurudi. Hakuna anayeweza kukata kona kwa usukani wa namna hiyo. Kinachofanyika ni kwamba waendeshaji hupanga safari ya siku nzima, huituma asubuhi ya Mirihi kupitia antena kubwa zilizopo California, Hispania na Australia, kisha hungoja, na jioni taarifa hurudi kwa kupokezanwa na vyombo vinavyoizunguka sayari, kikiwamo kimoja cha Ulaya. Tena siku ya Mirihi ina saa 24 na dakika 39 na ushei, na hizo dakika za ziada ziliwasumbua wafanyakazi wa Pasadena, ambao miezi ya kwanza baada ya kutua walilazimika kuishi kwa saa za sayari nyingine, wakifika kazini wakiwa wamechelewa kwa dakika 40 kila siku kulingana na saa ya ukutani.

Hapa toleo jipya linastahili sifa. Perseverance lina kompyuta ya pili inayoshughulikia picha tu, hivyo linaweza kupiga picha, kutambua jiwe la hatari na kuamua njia huku magurudumu yakiendelea kuzunguka, ilhali Curiosity lilizoea kusimama, kufikiri, kusogea kidogo na kusimama tena. Sehemu kubwa ya safari za Perseverance gari hujiendesha lenyewe namna hiyo, na mwezi Juni 2025 lilitembea mita 411 kwa siku moja. Kompyuta kuu, ambayo ina mwendo wa megahezi 200 na kumbukumbu ndogo kuliko ya simu ya bei rahisi, haishangazi kwa nguvu bali kwa ugumu, kwa kuwa imetengenezwa kustahimili miale ya angani ambayo ingeua simu ya kawaida. Kila gari lina kompyuta mbili za aina hiyo, moja ikiwa ya akiba. Curiosity limeshahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili mwaka 2013 baada ya hitilafu ya kumbukumbu, kisha likarudi kwenye ya kwanza mwaka 2018 ya pili ilipoleta tatizo kama hilo.

Kisa cha keekee ndicho nilichokifuatilia kwa hamu zaidi. Curiosity hutoboa miamba kwa keekee iliyo mwishoni mwa mkono wa mita 2.1, na unga unaotoka hupelekwa kwenye maabara iliyo tumboni mwa gari. Desemba 2016 mota inayosukuma ncha ya keekee mbele na kuirudisha nyuma ilianza kugoma. Keekee ilikuwa imeundwa kwa mtindo wa kuegemea nguzo mbili pembeni ili isitetereke, na bila mota ile nguzo hizo zikawa kikwazo. Wahandisi walikaa na mfano wa gari huko California, wakajaribu na kushindwa, mpaka wakaja na njia ambayo katika karakana yoyote ungeiona kila siku: waliacha ncha ikiwa imechomoza moja kwa moja, wakautumia mkono mzima kuisukuma kwenye mwamba, jinsi fundi seremala anavyoegemea keekee kwa bega lake. Gari lilipewa uwezo wa kuhisi nguvu inayorudi kutoka kwenye mwamba ili mkono usiteleze. Mei 2018, baada ya takriban mwaka mmoja na nusu, tundu la kwanza lilitobolewa kwa njia hiyo, na keekee imefanya kazi tangu wakati huo.

Mwaka mmoja na nusu. Nakumbusha muda huo kwa sababu unahusu moja kwa moja swali la watu, ambalo kila anayesoma kuhusu magari haya huliuliza: je, si afadhali apelekwe mtu? Kipimo kizuri kipo, na hakihitaji kubuni. Desemba 1972, wanaanga Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa safari ya Apollo 17 waliendesha gari la umeme mwezini lenye uzito wa kilo 210, na katika matembezi matatu ya siku tatu walisafiri takriban kilomita 36, ambazo ndizo karibu sawa na zile ambazo Curiosity limezitembea kwa zaidi ya miaka 12. Muda wao wa kuendesha haukufika hata saa tano. Katika safari hiyo Cernan alivunja kwa bahati mbaya madigadi ya gurudumu la nyuma kwa nyundo yake, na bila madigadi vumbi la mwezi lilikuwa likiwarukia na kuwafunika. Waliitengeneza kwa kuunganisha ramani za karatasi kwa gundi ya utepe na kuzibana mahali pake, kisha wakaendelea na safari. Ukiweka madigadi ile kando ya keekee ya Curiosity, umeona mizani yote ya hoja.

Lakini mizani ina upande wa pili, na magari haya mawili ndiyo yaliyoupima. Curiosity limebeba kifaa cha kupima mnururisho, yaani miale inayodhuru mwili, ambacho kilifanya kazi hata ndani ya chombo wakati wa safari ya kwenda. Kilipima karibu milisieverti 1.8 kwa siku angani na karibu 0.67 kwa siku juu ya ardhi ya Mirihi, na kwa hesabu hizo safari ya kwenda na kurudi pamoja na siku 500 za kukaa huko humpa mtu takriban milisieverti 1,000. Kwa kulinganisha, mtu wa kawaida duniani hupata wastani wa milisieverti 2.4 kwa mwaka kutokana na mazingira, na kiwango ambacho NASA imewawekea wanaanga wake kwa maisha yote ya kazi ni 600. Perseverance nalo limebeba kisanduku kilichoitwa MOXIE, ambacho kiligeuza hewa ya Mirihi, iliyojaa kabonidayoksaidi, kuwa oksijeni. Kati ya mwaka 2021 na 2023 kiliendeshwa mara 16 na kutoa jumla ya gramu 122, na kilipofanya vizuri zaidi kilitoa gramu 12 kwa saa. Kama kielelezo ni mafanikio kamili, kwa maana kilifanya zaidi ya kilichoahidiwa. Kama huduma bado ni tone baharini, kwa kuwa roketi ya kuwarudisha watu wanne kutoka kwenye ardhi ya Mirihi ingehitaji takriban tani 25 za oksijeni. Na kreni ya angani iliyoshusha tani moja kwa ustadi haiwezi kushusha nyumba ya watu, ambayo huzungumzwa kwa makadirio ya tani 20 au zaidi, katika angahewa ambayo uzito wake haufiki asilimia moja au mbili ya ya kwetu na kwa hiyo haisaidii parachuti sana.

Nitaje kwa ufupi helikopta ndogo ya Ingenuity, kilo 1.8, iliyokuja imefungwa chini ya Perseverance kama zawadi ya nyongeza inayotolewa na muuzaji. Iliahidiwa safari tano. Ilianza kuruka tarehe 19 Aprili 2021 na ikaruka mara 72, hadi ilipovunjika mapanga tarehe 18 Januari 2024. Kwa nyongeza iliyotolewa bure juu ya gari, sijui nidai nini zaidi.

Sasa mzigo. Hili ndilo lililonifanya nisite kutoa alama kamili, na ndilo linalotenganisha magari haya kwa kazi. Curiosity ni maabara inayotembea: linachimba, linasaga, linapasha moto, linasoma, na matokeo huja kwa redio. Matokeo yenyewe si haba. Katika unga wa mwamba lililoutoboa mwaka 2013, wanasayansi walitangaza mwezi Machi 2025 kwamba wamekuta molekuli ndefu za kaboni ambazo ni kubwa kuliko zozote zilizokwisha kuonekana kule. Mwaka 2024 gari lilikanyaga jiwe, likalipasua, na ndani yake kukatokea fuwele za njano za salfa safi, jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Gurudumu lenye matundu likawa chombo cha utafiti kwa bahati tu.

Perseverance kwa upande wake ni gari la mizigo. Limebeba mirija 43 ya kuhifadhia sampuli, ambayo kila mmoja hufungwa kwa kizibo cha chuma ili urudishwe duniani na kuchunguzwa kwa mashine ambazo hakuna gari linaloweza kuzibeba. Jaribio la kwanza, Agosti 2021, lilitoa mrija mtupu kwa kuwa mwamba ulisagika na kupotea, lakini baada ya hapo kazi ilitengemaa. Julai 2024, kwenye mto wa kale uliowahi kumwaga maji ndani ya Jezero, lilikuta jiwe lililopewa jina la Cheyava Falls, lenye madoadoa yenye ukingo mweusi ambayo watafiti wenyewe waliyaita madoa ya chui. Duniani madoa kama hayo mara nyingi huhusiana na kemia ambayo vijidudu huitumia kupata nguvu. Septemba 2025 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wake, na neno lililotumika kwa uangalifu mkubwa ni kwamba huenda ni alama ya uhai wa kale, pasipo kusema kwamba ni uhai, kwa kuwa kemia isiyo na uhai nayo inaweza kutengeneza madini kama hayo. Njia ya kulimaliza swali hilo ni kuuleta mrija wenye sampuli ya jiwe hilo kwenye maabara za duniani.

Na mrija huo uko tumboni mwa gari, umefungwa, hauna lori la kuuchukua. Mpango wa kuurudisha mzigo ulipimwa upya na tume huru Septemba 2023, ambayo ilikadiria gharama kati ya dola bilioni 8 na bilioni 11. Aprili 2024 mkuu wa NASA wa wakati huo, Bill Nelson, alisema wazi kwamba dola bilioni 11 ni ghali mno na kwamba kungoja hadi mwaka 2040 ni mbali mno. Ni sawa na mtu aliyenunua lori zuri, akamlipa dereva, akapakia kahawa mlimani, kisha akagundua kwamba barabara ya kuteremkia bandarini haijajengwa na kwamba kuijenga ni ghali mara kadhaa kuliko lori lenyewe. Lori halina lawama hapo, lakini tathmini ya huduma nzima haiwezi kufumba macho.

Kwa hiyo nayapa alama tofauti. Curiosity napenda kulipa nyota tano kati ya tano, nikijua kwamba magurudumu yake yalikuwa na kasoro ya kiwandani, kwa sababu kazi iliyoahidiwa ilikuwa ya mwaka mmoja wa Mirihi, yaani siku 687 za duniani, na bado linapanda mlima. Perseverance nalipa nyota nne. Magurudumu yake ni bora, akili yake ya kuendesha ni bora, kamera zake ni bora, na lina hata maikrofoni mbili zilizotusikilizisha upepo wa sayari nyingine kwa mara ya kwanza kwa uwazi huo. Nyota ya tano naiweka kando pamoja na mirija kumi ambayo gari hilo liliilaza ardhini, mmoja mmoja, kwenye uwanda unaoitwa Three Forks, kati ya Desemba 2022 na Januari 2023, kama akiba endapo gari lingeharibika. Gari halijaharibika. Mirija ingali pale pale, juu ya vumbi, na mahali pa kila mmoja pamewekwa kwenye ramani kwa usahihi wa hali ya juu ili atakayetumwa kuichukua asipoteze muda kuitafuta.